Mboga za Kilio Changu

Asubuhi moja, kwenye benchi la kituo cha afya, mwanamke mwembamba aliyefunika mdomo kwa ncha ya kitenge aliniuliza nilifanyaje hadi nikapona. Nilimjibu kama tunavyojibu wote: dawa na Mungu. Akashukuru, akaitwa ndani, akaenda.

Nilirudi nyumbani nikijiona mwongo. Dawa nilimeza, tena zote. Mungu nilimwita hadi sauti ikakauka. Lakini kulikuwa na kitu cha tatu, na hicho sikumtajia kwa sababu hakitajwi mbele ya wagonjwa. Kilikuwa hasira. Kuna watu niliotaka wanione niko hai, na nilitaka hivyo kwa nguvu kuliko nilivyotaka kula au kulala. Naandika kwa ajili ya mwanamke yule na wengine walio kwenye benchi lile sasa. Wataambiwa mgonjwa lazima awe mpole. Mimi sikuwa mpole.

Watu huniita Mama Furaha, kwa jina la binti yangu. Nilizaliwa upande wa Fizi, kaskazini kando ya ziwa, nikaolewa Kalemie, na zaidi ya nusu ya maisha yangu nimeuza ndagala, dagaa wa ziwani. Nilinunua kwa wavuvi wa Mpala, nikapakia magunia kwenye boti la Kigoma, nikarudi na vitenge na sabuni. Udongo sikuujua. Wanawake waliokuja sokoni na kucha nyeusi na mafungu ya lengalenga, yaani mchicha, kichwani niliwabana bei bila huruma, na moyoni nikawacheka. Mimi nilikuwa mtu wa maji. Mume wangu alipofariki nilibaki kwenye kiwanja chake: nyumba ya matofali, migomba upande wa jikoni, na mbele uwanja mpana kuliko wa mtu yeyote katika ukoo wao.

Kikohozi kilianza mvua za kwanza ziliponyesha. Nilidhani ni vumbi la magunia. Nikanywa tangawizi, nikanywa dawa za chupa, nikawekewa mikono kanisani. Jasho likawa linalowesha shuka kana kwamba nimelala kwenye mtumbwi unaovuja. Kitenge kilichonizunguka mara moja na nusu kikaanza kunizunguka mara mbili, kisha karibu mara tatu. Pete ya ndoa, ambayo sabuni haikuwahi kuitoa, ilianguka yenyewe kwenye beseni la vyombo, nikaisikia ikilia chini ya maji.

Mdogo wa mume wangu anaitwa Kilanga. Mke wake ni Odette. Bombani, mbele ya wanawake waliopanga ndoo, Odette alisema:

“Muntu wa boti haumwi bure. Kuko kitu alitoka nacho Kigoma.”

Furaha aliyasikia akiwa kwenye foleni. Alirudi na ndoo tupu, akakaa kizingitini akilia, na mimi nikalazimika kumbembeleza kwa pumzi ambayo sikuwa nayo.

Hatimaye tulikwenda kituoni. Nitasema kidogo tu juu ya lile benchi, maana wanaolijua wanalijua. Liko barazani, ukutani kuna alama za vichwa vya waliowahi kuegemea. Unapewa kikopo, unakwenda nyuma ya nyumba kukohoa peke yako, kisha unarudi mbele ya wote umekifunika kwa kiganja kama mtu aliyebeba yai. Hakuna anayekutazama. Hiyo ni huruma ya kwanza niliyoipata pale. Watu wote wa benchi wakatazama ziwa hadi nikaketi.

Ilikuwa kifua kikuu. Nililia, muuguzi akadhani ni uchungu. Ilikuwa nafuu: kumbe kitu kile kilikuwa na jina, na dawa yake ilikuwa kwenye kabati pale nyuma yake.

Kila asubuhi Furaha alinipakia kwenye pikipiki ya kukodi, yeye nyuma yangu akinishika kama gunia, nikameze vidonge mbele ya muuguzi. Hakuna aliyeniambia kwamba kabla ya kuinuka ningeshuka kwanza. Nilitapika. Nyayo ziliwaka moto. Mkojo ukawa rangi ya mawese, na mara ya kwanza nilipouona nilipiga kelele. (Usiogope ukiuona. Ni dawa inayopita.) Nikawa mwembamba kuliko nilivyokuwa kabla ya kutibiwa, na watu wa mume wangu wakaambiana kwamba sasa njo mwisho, yaani ndio mwisho.

Walikuja kunisalimia wakisimama mlangoni. Kikombe changu kikatengwa, sahani yangu ikatengwa. Aliyeingia hadi kitandani alikuwa mmoja tu, Shangazi Anzelina, shangazi wa mume wangu, mwanamke mzee mlafi, mvuta ugoro, mwenye matusi yaliyopangwa vizuri kama nyimbo. Alikuja na ugali wake chini ya kitenge, akakaa kwenye godoro, akachovya kwenye sahani yangu.

“Shangazi, watu wanasema utaambukizwa,” Furaha alimwambia.

“Mutoto, mimi nimebakia na meno mawili. Ugonjwa ukiingia humu utakufa njaa. Sogeza mboga.”

Nilicheka hadi nikakohoa, na nilipokohoa hakugeuza uso.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Ilikuwa mchana, mvua imekatika, nami nimelala karibu na dirisha. Nilisikia panga. Mgomba ukikatwa hautoi sauti ya mti. Unatoa sauti ya maji, kama mtu anayepiga tumbo la ng'ombe. Ulianguka wa kwanza, ukaanguka wa pili. Nikajivuta kwa viwiko nikachungulia.

Vijana wa ukoo walikuwa wanang'oa kila kitu. Majani, maua ya marehemu mume wangu, chanja langu la kuanikia ndagala, yote yalitupwa nyuma ya choo. Wengine walifuata na majembe, wakichimbua vishina na kusawazisha udongo. Kilanga alisimama katikati, mikono kiunoni.

“Hema itaanzia hapa. Viti vizunguke hadi ukutani. Wanaume watakaa kule na moto wao.”

“Na sanduku?” Odette aliuliza.

Kilanga akapiga hatua chache, akagonga kisigino chini. “Hapa.”

Furaha akatoka mbio. “Papa mudogo! Muko munafanya nini?”

“Tuko tunasafisha, mutoto wangu. Mama yako apate hewa.”

Kwa asiye wa huku nieleze. Kwetu kilio hufanyika uwanjani. Mtu akishakata roho, vijana hufyeka kiwanja chote kisibaki hata jani, hema linafungwa, mikeka inatandikwa, sanduku la marehemu linawekwa katikati, na ukoo unalala pale hadi mazishi yapite. Kufyeka ni kazi ya heshima, na ina wakati wake: wanawake wawe wameanza kulia. Kumfyekea mtu ambaye bado anaomba uji, hata adui hafanyiwi hivyo. Kilanga aliijua desturi hiyo kuliko mimi. Lakini alikuwa na haraka, maana mwanawe mkubwa alitaka kuoa, na wote walijua angejenga wapi.

Furaha alirudi ndani. “Mama, nifunge dirisha?”

“Acha wazi. Acha niwaone.”

Niliwatazama hadi wakamaliza. Uwanja wangu ulibaki mwekundu na uchi, umesawazishwa kama kitanda kilichotandikwa kwa ajili ya mgeni. Na mgeni nilikuwa mimi.

Kesho yake kwenye benchi nilimsimulia Mama Feza. Alikuwa mgonjwa mwenzangu, mkulima wa Niemba aliyehamia kwa dada yake mjini ili apate dawa. Nilitegemea anihurumie. Alicheka hadi muuguzi akatoka kutazama.

“Wamekulimia? Bure? Mwenzangu, mimi kule kwetu natafuta vijana wa kulima, wananikimbia. Weye umelala kitandani wanakulimia kiwanja kizima, tena hata kuwashukuru hutaki!”

“Mama Feza, walikuwa wanapima fasi ya sanduku langu.”

“Njo ninasema. Udongo hauulizi jembe lilikuja kwa nia gani.” Akapangusa machozi. “Nitakuletea matembele. Tembele halina adabu. Ukilipatia kona ya kulala, asubuhi limechukua nyumba.”

Aliniletea fungu la mashina yaliyofungwa kwa kitambaa kibichi. Siku hiyo, tuliporudi, nilimwambia Furaha anishushe uwanjani. Nilitembea kwa magoti na viganja, panga kuukuu ya jikoni mkononi, hadi pale Kilanga alipogonga kisigino. Alama ilikuwa bado ipo. Nikachimba hapo. Nikalaza shina la kwanza kwa upande, kama Mama Feza alivyonielekeza, nikafukia, nikabana kwa ngumi. Ulikuwa ugomvi zaidi kuliko kilimo. Kila ngumi ilikuwa na jina. Nilipanda matatu, kichwa kikazunguka, nikalala ubavu kwenye udongo ule, mahali penyewe pa sanduku, nikatazama mawingu yakitoka ziwani. Nikasema kwa sauti, “Haya. Nimelala. Mbona hamji kulia?”

Furaha alinibeba ndani akinigombeza.

Matembele yalinyauka. Nilipoyaona yamelala chini kama kamba nililia kwa ghadhabu, nikadhani hata mimea imeshika upande wao. Kisha mvua ikanyesha, na asubuhi moja ncha zake zilikuwa zimeinua vichwa, ndogo, zambarau, zenye kiburi. Siku hiyo uji ulikaa tumboni. Siwezi kusema kimoja kilisababisha kingine. Nasema tu vilitokea pamoja.

Tangu hapo sikuacha. Nilipanda kufuata ramani ya kilio changu. Lengalenga nikaimwaga pale viti vingezunguka. Mahali wanaume wangeota moto nikapanda nyanya na vitunguu. Pale Odette aliposimama akiuliza habari za sanduku, nikapanda pilipili, ile ndogo kali, na kila nilipoimwagilia nilimtakia mambo ambayo siwezi kuyaandika. Kwanza nililima nimekaa chini, nikijisogeza kwa makalio. Baadaye kwa magoti. Mvua za mwisho ziliponikuta nilikuwa nimesimama nimeegemea jembe, na kitenge kilikuwa kimerudi kunizunguka mara mbili.

Matembele yalipojaa nilichuma beseni zima, nikamwita Furaha.

“Pelekea mama yako mudogo Odette. Mwambie, Mama anawasalimu, hizi ni mboga za kilio.”

“Mama!”

“Nenda.”

Alirudi akijikaza asicheke. “Aliweka beseni chini kama lina nyoka. Alisema hawana njaa.”

“Vizuri. Zikikomaa tena utapeleka tena.”

Na alipeleka. Kila mavuno walitangulia kupata wao. Nasikia mboga zile zililiwa na bata.

Kiangazi kikaja na upepo wake wa ziwani unaokausha midomo. Dawa zikapungua idadi, miguu ikaacha kuwaka, nami nikawa nachota maji ndoo nusu nusu, nikipumzika kila tuta. Wakati huo ndipo kiliponitokea kitu ambacho sikukitaka. Asubuhi moja niliinama kutazama ua la boga lililofunguka, la manjano, kubwa kama kiganja, na nyuki mmoja ndani yake amejipaka unga hadi machoni kama mtoto aliyeiba sukari. Nilimtazama. Kisha nikatoa majani makavu, nikafunga nyanya kwenye vijiti, nikanusa vidole vyangu. Kuna harufu inayoachwa na majani ya nyanya mkononi, chungu na ya kijani, ambayo sikuwa nimewahi kuijua katika miaka yangu yote ya kunuka samaki. Jua lilipofika utosini ndipo nilipogundua kwamba tangu alfajiri sikuwa nimemfikiria Kilanga hata kidogo. Niliudhika, kama mtu aliyesahau sufuria motoni. Nikaenda haraka kwenye pilipili nikamkumbuka.

Mama Feza hakukiona kiangazi hicho chote. Alinenepa, akawa na nguvu, akasema karanga zake kule Niemba zitaozea ardhini. Muuguzi alimsihi. Mimi nilimsihi. “Nimepona, nyinyi hamuoni?” alisema, akageuka mbele ya benchi ili tuone makalio yake yaliyorudi. Tulicheka wote. Alikwenda, vidonge vyake vikabaki kabatini, na habari iliyorudi ilikuwa ya mazishi. Mpaka leo nikichuma matembele namgombeza. Wewe unayesoma, ukijisikia vizuri, hapo ndipo umeze kwa ukali zaidi. Ugonjwa ule ni kama shemeji yangu. Ukilala kidogo, unaanza kupima uwanja.

Mimi nilimeza hadi cha mwisho. Muuguzi alisoma majibu ya kikopo changu, akanipa mkono mtupu, bila glavu, akasema, “Mama, umemaliza. Sitaki kukuona tena hapa.” Hayo ndiyo maneno ya mapenzi mazuri kuliko yote niliyoambiwa tangu niwe mjane.

Mvua za mwaka mwingine zilikuwa zimeanza Shangazi Anzelina alipofariki. Alikula vizuri jioni, akalala, hakuamka. Furaha aliniletea habari alfajiri nikiwa bustanini, na nilikaa chini kwenye tope. Yeye ndiye aliyechovya kwenye sahani yangu. Nilikuwa bado nalia Kilanga alipoingia, nyuma yake wazee wa ukoo, wanawake, Odette, na wale wale vijana na panga zao.

“Pole, Mama Furaha. Shangazi ametuacha. Kilio kitafanyika hapa, kwa kaka mukubwa, kama desturi.” Akawageukia vijana. “Muanzie na hizi nyanya.”

Moyo wangu uligawanyika mara mbili, nasema kweli. Kama kuna mtu ambaye ningemfyekea bustani kwa mikono yangu, alikuwa Shangazi. Lakini sauti ile ya Kilanga, “muanzie na hizi nyanya,” ilinisimamisha.

“Vijana, wekeni panga chini kwanza,” nilisema. “Shemeji, unijibu kitu kimoja mbele ya wazee. Mara ya mwisho ulipofyeka hapa, nani alikuwa amekufa?”

Kilanga aliwatazama wazee, kisha vijana.

“Ilikuwa… hewa. Kwa ajili ya mgonjwa.”

Kijana mmoja akaguna, akajifanya anakohoa. Mzee wa ukoo, aliyekuwa hajaambiwa lolote mwaka ule, akaegemea fimbo yake.

“Kilanga. Ulifyeka kiwanja cha kaka yako? Lini? Kwa kilio cha nani?”

“Papa, ilikuwa…”

“Nimeuliza kilio cha nani.”

Kilanga alitazama pilipili. “Chake,” alisema. “Tulimfyekea yeye.”

Wanawake walishika midomo. Mmoja akasema, “Yesu! Muntu muzima?” Neno lile la Kilanga nilikuwa nimelingoja tangu dirishani. Nililala nalo, nikalimwagilia, nikaamini siku nitakapolisikia nitashiba. Nililisikia, na lilikuwa dogo. Nilitazama zile panga karibu na nyanya zangu zilizokuwa ndiyo kwanza zinaanza kuwa nyekundu, na nikajua kwamba hata Kilanga angepiga magoti na kulamba udongo, nisingempa tuta hata moja. Sikuwa nalinda tena kisasi changu. Nilikuwa nalinda nyanya.

“Kaka mukubwa akikosa uwanja, kilio huenda kwa mudogo,” nilisema. “Wazee, ni kweli au si kweli?”

“Ni kweli,” yule mzee alijibu.

“Basi. Mimi uwanja sina. Nina shamba.”

“Kwetu hakuna fasi!” Odette alipiga kelele. “Kuna migomba yangu!”

Kila mtu alimsikia, na yeye mwenyewe akajisikia.

“Migomba inakatika, mama,” nilimwambia. “Munajua.”

Ilikatwa. Nilikuwepo. Nilisimama na wanawake wengine nikiimba nyimbo za kilio, na kila mgomba ulipotoa ile sauti ya maji niliongeza sauti yangu. Kisha nilimlilia Shangazi kwa kweli, hadi koo likauma, na hakuna aliyeweza kutofautisha machozi yangu, hata mimi. Nililisha kilio kile siku zote. Matembele, lengalenga, vitunguu, sufuria kwa sufuria, kutoka kwangu hadi kwao kwenye toroli. Na kwetu chakula cha kilio hakikataliwi, kwa maana anayekikataa anasema mbele ya ukoo kwamba hana uchungu na marehemu. Odette nilimpakulia mwenyewe. Nilimwekea nyingi, na pilipili juu.

“Kula, mama mudogo. Shangazi alizipenda.”

Alikula. Watu walikuwa wanamtazama, na mimi pia nilimtazama, hadi akafuta sahani kwa tonge la mwisho. Macho yake yalikuwa yanatoka maji. Nilimpa kikombe changu anywe.

Tulipozika na kurudi nyumbani nilikwenda bustanini kabla hata ya kuvua viatu. Siku chache tu za kutokuwepo, na viwavi walikuwa wameshika lengalenga. Majani yalikuwa matundu matupu, nao wamelala juu yake wanene, wa kijani, wakila bila haya kama watu waliokwisha kurithi.

Furaha alisimama nyuma yangu. “Mama,” alisema taratibu, “sasa moyo wako umetulia?”

Nilifunga kitenge. Kilinizunguka mara moja na nusu, nikakaza fundo, nikapiga magoti kwenye tuta.

“Bado,” nilimwambia. “Lete jivu la viwavi.”

Na nikaanza kuwaponda kwa kidole gumba, mmoja mmoja, huku naimba.